Kizuri Hakijiuzi

Miongoni mwa semi tulizorithi, sidhani upo uliotutia hasara kubwa kwa sauti tamu kama ule usemao kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Husemwa na mzee aliyeketi mlangoni pa duka lake mjini Same, husemwa na mwenye nyumba ya wageni ambaye kibao chake kimefifia hata hakisomeki, husemwa na vijana waliosomea biashara vyuoni, wote kwa yakini moja, kana kwamba bidhaa ina miguu ya kushika njia na ulimi wa kujieleza mbele ya mshitiri. Mimi naukana usemi huo, wala siukani kwa upole, kwa kuwa nimeona unapowafikisha watu wema na wenye bidii.

Itazame tangawizi ya Mamba na Myamba. Upande wa mashariki wa milima ya Upare, juu ya barabara itokayo Same ikipita Kisiwani na Gonja kuelekea Ndungu, mkulima hulima katika miteremko ambayo mgeni angeihofu hata kuipanda mikono mitupu. Huzika vipande vya tangawizi ardhini, hupalilia, hungoja miezi minane au tisa, kisha huchimbua tangawizi nono, kali, yenye harufu ya kujaza nyumba nzima. Lau uzuri ungekuwa na uwezo wa kujiuza, mkulima huyo angekuwa tajiri. Aghalabu, hata hivyo, anayetajirika ni dalali, ambaye hufika na gari wakati wa mavuno, akiijua bei ya Dar es Salaam na ya ng'ambo ya mpaka ilhali mwenye shamba haijui, na ambaye hudai gunia lijazwe lumbesa, lishonewe kilemba juu ya mdomo wake mpaka lizidi kipimo, na sheria ya vipimo inayoliharamisha jambo hilo ikabaki kule bondeni. Dhuluma ya lumbesa siitetei hata kidogo. Lakini insafu yanitaka niseme pia kwamba dalali ameifanya kazi ambayo methali ilimwambia mkulima kuwa haina haja: amemtafuta mnunuzi, amemuuliza atakacho, amemwahidi siku ya kumfikishia mzigo, na ahadi ameitimiza.

Uzuri ni bubu kwa tabia yake. Mwenye kupika hutaka tangawizi mbichi yenye ngozi laini, na mwenye kusaga viungo vya chai huitaka iliyokomaa na kukauka, kwani mbichi ni maji matupu kwa kadiri ya sehemu nne katika tano, na ulichompimia leo kitakuwa kimepungua uzani kabla hakijaingia kinuni. Sifa kwa huyu ni kasoro kwa yule. Basi uzuri haukai ndani ya mzizi peke yake; hukaa kati ya mzizi na haja ya mtu, na haja ya mtu haijulikani mpaka ameulizwa. Kahawa ya milima hiihii, iliyokusanywa miaka mingi na ushirika wa Vuasu, haikuachwa ijiuze hata siku moja: hukobolewa, hupangwa kwa ukubwa na umbo la punje kuwa AA, A, B na PB, hukaangwa kidogo ikaonjwa na waonjaji waliofundwa kazi hiyo, ndipo ikatiwa mnadani Moshi. Kwa nini zao hili lipewe wasemaji wengi hivyo, na tangawizi iambiwe inyamaze?

Same yenyewe ilishuhudia mfano mkubwa zaidi, usiohusu zao lolote. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwaletea Wapare kodi ya kukadiriwa kwa mali ya mtu, ikaipa jina la mbiru, ambalo ni jina la ushuru wa jadi waliokuwa wakiwatolea watawala wao. Kwa hoja ya mezani ilikuwa kodi ya haki, maana mwenye kingi angetoa kingi na mwenye kichache kichache, na jina lile la kale lilitumainiwa kuituliza mioyo. Januari 1945 watu walishuka kwa maelfu kutoka milimani, wakakusanyika Same, wakakataa kurudi; baadaye wanawake nao wakaungana nao; na mwishowe kodi ile ikaondolewa. Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare, amelieleza tukio hilo kwa kina, na kila mwenye kazi ya kuhudumia wateja ingemfaa alisome. Kilichowachoma watu ni makadirio yenyewe, kwamba mwingine aje aihesabu mali yako kwa kipimo usichokielewa, kisha akutangazie kiwango chako. Asiyekuonyesha mizani hawezi kukupendeza kwa jina zuri. Mkulima wa Myamba aonapo gunia lake likishonewa kilemba hujisikia hivyohivyo, na mnunuzi wa mbali afunguapo gunia akakuta mawe na udongo chini ya tangawizi safi hujisikia hivyohivyo.

Nitaambiwa kwamba Wagweno wa kale, wa kaskazini ya milima hiihii, walifua chuma, na Wachaga wakakifuata wenyewe bila kuitwa. Ni kweli. Lakini chuma kile kilikuwa na wenyewe, ukoo wa Washana, waliojulikana kwa jina na kwa kazi yao, na aliyenunua alijua atarudi kwa nani kama kimemvunjikia mkononi. Sifa ya watu ndiyo iliyoita wanunuzi, na sifa hiyo ilikusanywa vizazi kwa vizazi.

Nusu ya pili ya methali hunikera zaidi, kwa sababu humtia aibu mwenye kutoka. Pale stendi ya Same, basi lisimamapo dakika chache, akina mama na vijana hukimbilia madirishani na ndizi, karanga na maji, na katika muda wa pumzi chache humtambua mwenye njaa, hutaja bei, hurudisha chenji barabara kabla gurudumu halijazunguka. Kuyaita hayo dalili ya ubaya wa bidhaa ni kuwatukana watu wanaoijua kazi yao kuliko wengi wetu wenye meza.

Mimi niliwahi kununua mfuko wa unga wa tangawizi uliosifiwa sana. Nikaukuta nyumbani umeshika unyevu na ukungu. Sikutaka fidia, nilitaka mtu wa kumwambia. Mfuko haukuwa na jina la kijiji, wala mwezi wa kusagwa, wala namba ya simu.

Kiwanda cha tangawizi kimejengwa Mamba Myamba kwenyewe, nami nakiombea heri, ila mashine ya kukausha haipokei malalamiko. Wapare hawahitaji kufunzwa utaratibu na wageni: katika ndiva, mabwawa yao ya jadi ya kumwagilia, kila mmoja hujua saa yake ya kufungua maji na saa ya kumfungulia jirani. Kwa uaminifu huohuo wa zamu, chama cha wakulima kimkabidhi kijana mmoja mizani iliyopigwa muhuri, daftari la wanunuzi na simu isiyozimwa, na kimlipe ujira wake kabla mavuno yajayo hayajaanza.