Jina la Mmea Lisifiche Sumu

Mama wa Kyela akimenya ndizi mbichi huzitia majini upesi, maana zikikaa wazi hugeuka nyeusi. Kinachozigeuza ni kimeng'enya. Kimeng'enya cha jamii hiyo hiyo, kiitwacho tairosinasi, kimo katika ngozi ya binadamu, nacho ndicho kianzishacho utengenezaji wa melanini, rangi inayoikinga ngozi na ukali wa jua.

Wataalamu wa nchi mbalimbali wamepima mimea iwezayo kukizuia kimeng'enya hicho. Pumba za mpunga na maganda ya kakao, vitu visivyo haba Kyela, ni miongoni mwa vilivyopimwa. Utafiti huo si wa kubezwa, kwani waweza kuwafaa wagonjwa wenye mabaka ya ngozi. Lakini kufaulu ndani ya chupa ya maabara si ithibati ya usalama usoni mwa mtu.

Hapo ndipo wachuuzi wa urembo walipopata mwanya. Kopo huandikwa "mitishamba", na mnunuzi hujiona amesalimika. Mfano wa arbutini watosha kumzindua. Dutu hiyo hutoka katika majani ya mimea, lakini hasa ni haidrokwinoni iliyofungamana na sukari. Na haidrokwinoni ndiyo ile ile ambayo Serikali imeipiga marufuku katika vipodozi, pamoja na zebaki. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi krimu zake zilivyowaachia watumiaji mabaka meusi kupita rangi waliyoikimbia.

Mvuvi wa Matema na mkulima wa mpunga wa Ipinda hushinda juani. Kuwavua melanini ni kuwanyang'anya mwavuli. Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua gharama ya kuukosa. Ndiyo maana hospitali ya KCMC, Moshi, imewatengenezea mafuta ya kujikinga na jua. Yawaje basi aliyezaliwa na kinga aitupe kwa hiari yake, tena kwa fedha yake?

Kasumba ya kuuona weupe kuwa ndio uzuri haitang'oka kwa marufuku peke yake. Afisa wa mpakani Kasumulu hana budi kukagua yaliyomo, asiridhike na picha ya jani juu ya kopo. Mwalimu naye aanze somo la vimeng'enya kwa ndizi iliyomenywa, alimalize kwa kumweleza mwanafunzi kazi ya rangi ya ngozi yake. Kijana akilielewa hilo, mchuuzi atakosa wa kumdanganya.