Sauti Juu ya Sauti

Huko Busisi, kama kwingineko, DJ husifiwa anapopandanisha nyimbo mbili, waimbaji wote wakisikika kwa pamoja. Hastahili sifa hiyo. Mshororo wa taarabu wenye mizani 16 una kina cha kati na cha mwisho. Ukifunikwa na mwingine, vyote viwili huzama, na jasho la mtunzi navyo. Watetezi wake hudai kuwa mchezaji hajali maneno. Mbona basi ukumbi mzima hupokea kiitikio? Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, waliongoja kupanda kivuko waliwapisha kwanza wanaoshuka. Muziki wa dansi nao una gati lake: chemko, magitaa yakijibizana, mwimbaji akivuta pumzi. Wimbo wa pili na uingie hapo, ngoma juu ya ngoma, mwimbaji wake akingoja zamu.