"Tulidanganywa" Si Udhuru

Wako wasemao hata leo: "Msiwalaumu wakubwa wa Marekani na Uingereza walioipiga Iraq mwaka 2003. Waliletewa khabari mbovu wakaziamini. Mtu huhukumiwa kwa alilolijua siku ile, si kwa lililofunuka baadaye."

Vyema! Na tuwahukumu kwa siku ile ile.

Tarehe 7 Machi 2003 Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Nguvu za Atomiki, aliliambia Baraza la Usalama kwamba zile hati za kuonyesha Iraq yanunua madini ya urani kutoka Niger si za kweli. Siku hiyo hiyo Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha, alisema kazi iliyobaki haitaki miaka, wala si ya wiki, ni ya miezi. Watu wake walikuwamo Iraq tangu Novemba 2002, wameshaingia mahala zaidi ya 300, na hawakupata ila makombora machache matupu. Jee, walingojewa? Baada ya siku 13 mabomu yalianza kuanguka Baghdad.

Na yule shahidi wa maabara za sumu zipakiwazo malorini? Alikuwa Muiraki aliyekimbilia Ujerumani. Colin Powell aliyasimulia maneno yake tarehe 5 Februari kana kwamba yamethibiti, na Wajerumani waliomhoji hawakuwa wameweza kuyathibitisha. Mwaka 2011 mwenyewe alikiri kuwa alisema uwongo.

Mume akiambiwa neno juu ya mkewe na mpita njia, akamwacha papo hapo asiulize, mitaani kwetu hatusemi, "Maskini, kadanganywa." Twamwambia, "Mbona hukuuliza?" Na tazameni amri iliyomo katika Surat Al-Hujurat: haikuelekezwa kwa mleta khabari, imeelekezwa kwa anayeletewa. Yeye ndiye atakiwaye kuchunguza kabla hajawadhuru watu.

Watatwambia Saddam alikuwa dhalimu. Alikuwa, na watu wa Halabja walionja sumu yake mwaka 1988. Lakini ulimwengu haukuitwa vitani kwa ajili ya Halabja. Uliitwa kwa silaha zilizosemwa zipo mwaka 2003, na hazikuonekana.

Wala si kweli kwamba kila aliyekuwa serikalini alidanganyika. Robin Cook, aliyekuwa waziri London, alijiuzulu tarehe 17 Machi 2003. Akasimama Bungeni akasema kuwa yaelekea Iraq haina silaha hizo. Vita vilikuwa bado siku tatu.