Mikono ya Munganga Muyembe

Wapendwa vijana, mara nyingi tunasikia mumoja wenu akisema: «Masomo inaleta nini? Kwenye machimbo mutu anapata franka siku ile ile.» Basi musikie habari ya mwana wa inchi yetu, Munganga Jean-Jacques Muyembe.

Mwezi wa Agosti 2019, kule Yokohama, Japani ilimupa zawadi ya Hideyo Noguchi, pamoja na Munganga Francis Omaswa wa Uganda. Noguchi alikuwa mutu wa Japani. Alikufa Accra mwaka 1928 kwa homa ya manjano, ugonjwa ule ule aliokuwa anauchunguza.

Lakini kazi ya Muyembe ilianza miaka 43 mbele ya ile siku. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kwenye lopitali ya misioni. Watu walikuwa wanakufa kwa ugonjwa usiokuwa na jina. Alipima wagonjwa na kutoa damu kwa mikono mitupu. Akashangaa: pale sindano ilipotoka, damu haikukoma. Akanawa kwa maji na sabuni, basi! Damu ilitumwa Ubelgiji, virusi mpya ikaonekana, ikapewa jina la muto Ebola. Majina ya wageni yakajulikana sana. Lake likabaki nyuma.

Hakuacha kazi. Mwaka 1995 Ebola iliingia Kikwit. Muyembe alifikiri hivi: mutu aliyepona ana askari katika damu yake. Wagonjwa 8 wakapewa damu ya waliopona, 7 wakapona. Wataalamu wengi wa inje walikuwa na mashaka, juu wagonjwa walikuwa wachache. Yeye akashikilia neno lake.

Kiisha, kutoka damu ya mutu mumoja aliyepona kule Kikwit, dawa ikatengenezwa. Ikajaribiwa mashariki ya inchi yetu mwaka 2018 na 2019. Kati ya wagonjwa waliotibiwa nayo virusi ikiwa ingali kidogo katika damu, karibu 9 juu ya 10 walipona. Mwezi wa Desemba 2020 Marekani iliikubali, kwa jina la Ebanga.

Pale Yokohama Muyembe alikuwa na miaka 77. Machimbo inalipa jioni. Wazo la Kikwit lilingoja karibu miaka 25. Lakini leo watu wanaishi juu yake.

Baba na mama, mutoto akiwauliza: «Juu ya nini damu inakoma yenyewe?», musimufukuze. Swali kama lile ndilo munganga alijiuliza Yambuku.