Kura Yangu Haiendi kwa Kamera Ndogo Kuliko Zote

Kikundi chetu cha picha kina hela ya kamera moja tu ya mkanda, na Ijumaa tunapiga kura. Kwa kuwa wengi wenu mlichangia (wengine boom lilikuwa halijaingia na bado mkatoa), mna haki ya kujua shilingi zenu zinabishaniwa vipi. Upande wangu ni huu: tusinunue Olympus XA, hata kama ndiyo inayopendeza kuliko zote kwenye picha zinazozunguka kwenye grupu la WhatsApp.

Kwanza kazi yenyewe. Tumewaahidi wazee wa Mlandege picha za karatasi, za kutundika ukutani. Bibi anayeuza karanga karibu na geto letu ana picha yake moja tu duniani, ile ya kitambulisho. Nilipomsalimia "kamwene" na kumweleza mpango wetu, alicheka, kisha akasema, "Mjukuu wangu, msije mkanipiga halafu mkapotea." Hiyo sentensi ndiyo inayonifanya niwe mbishi. Mkanda una picha 36. Kamera ikikata moto katikati ya mkanda, hatuwezi kumwambia bibi kwamba saketi imeungua Japani haitengenezwi tena.

Najua kuna anayeuliza kwa nini tusitumie simu. Swali zuri, na kwa mambo mengi jibu ni kwamba tumia simu. Lakini hesabu simu ulizobadilisha tangu kidato cha nne, kisha niambie picha za simu ya kwanza ziko wapi. Negativu ni kitu cha kushika, unakitia kwenye bahasha na kukifungia kabatini. Pale Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu bado wanazitazama picha za studio ile. Halafu kuna suala la adabu. Ukiwa na picha 36 tu, unakaa na mzee, mnaongea, ndipo unapiga. Na simu unapiga kumi kabla hajamaliza kuvaa kofia yake.

Sasa kamera. Aina tunayoitaka inaitwa renjifainda. Ukichungulia dirishani unaona katikati kijidoa chenye picha ya pili, kama kivuli cha kitu kilekile kimesogea pembeni. Unazungusha pete ya lenzi mpaka picha mbili zikalaliana zikawa moja, hapo mzee wako yuko kwenye fokasi. Hakuna kioo kinachoruka ndani, kwa hiyo kelele ni "tik" ndogo tu, hata kanisani hawageuki. Kwa mtu asiyezoea kupigwa picha, utulivu huo ni jambo kubwa.

XA ilitoka mwaka 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani, na sibishi kwamba yule bwana alikuwa fundi. Ni gramu 225 hivi, lenzi ya milimita 35 yenye f/2.8, kifuniko unakisukuma kwa kidole gumba na kamera imewaka. Inaingia mfuko wa shati. Betri zake mbili za LR44 zinapatikana hata kwa fundi saa. Mpaka hapo ndugu zangu wa upande wa XA wako sahihi.

Tatizo ni kwamba XA bila umeme haipigi. Shata yake inaendeshwa na elektroniki, na elektroniki yenyewe ina zaidi ya miaka 40. Spidi hauchagui wewe, inachagua yenyewe. Ikizingua, fundi wa Iringa atakufungulia, ataangalia waya nyembamba kama nywele, ataifunga na kukurudishia kwa heshima. Pia umbali kati ya madirisha yake mawili ni mfupi sana, na umbali huo ndio unaoipa renjifainda usahihi. Udogo tunaousifia una gharama yake palepale kwenye fokasi.

Wa pili kwenye orodha ni Canonet QL17 GIII ya mwaka 1972. Hii nusura inishawishi. Lenzi yake ni ya milimita 40 yenye f/1.7, maana yake inapitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Fikiria jioni ya Mlandege, taa ya muuza chipsi na moshi. Inafanya kazi bila betri pia. Lakini ina zaidi ya nusu kilo, na kwa sababu inasifiwa kila mahali bei nayo imepanda kwa kusifiwa.

Mimi nasema Olympus 35 RC. Ni ya mwaka 1970, kama gramu 410, lenzi ya milimita 42 yenye f/2.8. Si ndogo kama XA, ila kwenye mfuko wa koti inakaa, na Iringa hii mwezi wa sita nani hana koti? Ukitaka, unachagua spidi nayo inakuchagulia kitundu cha lenzi, na vyote viwili unavisoma ukiwa unachungulia. Betri ikifa, unaitoa kwenye otomatiki na kuendelea kwa mkono, kuanzia 1/15 hadi 1/500, maana shata yake ni ya springi na gia. Kitu ambacho fundi saa mvumilivu anaweza kukielewa.

Ina udhaifu wake, nautaja kabla hamjanitajia. Ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambazo zimeachwa kwa sababu zebaki ni sumu, zebaki ileile wanayohangaika nayo wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Chunya. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5, kipima mwanga kinaweza kudanganywa. Dawa ni betri ya kifaa cha kusikilizia, namba 675, ya volti 1.4, unaizungushia kipete ili ikae. Au achana na betri kabisa. Jua la mchana likiwa wazi, mkanda wa ISO 400 unataka 1/500 na f/16. Mzee akikaa kivulini barazani, fungua lenzi hatua tatu hivi. Na msipime mwanga kwenye ukuta mweupe nyuma yake, kamera itadhani kuna mwanga mwingi na uso wa mzee utatoka giza tupu.

Kusafisha mkanda ndiko nilikodhani kutatukwamisha, kumbe mji wenyewe unatusaidia. Mkanda wa rangi unataka dawa ya nyuzi joto karibu 38, na hiyo si kazi ya geto. Wa rangi nyeusi na nyeupe unasafishwa kwenye nyuzi 20. Mwenzetu wa Dar anatafuta barafu, sisi tunachanganya maji ya bomba na ya moto kidogo. Kuna hata kanuni ya kusafisha kwa kahawa ya unga ya dukani, vitamini C na sodiamu kaboneti. Inanuka vibaya, wenye nyumba watauliza maswali. Dawa ya kugandisha picha lazima tuinunue, hiyo haina mbadala jikoni.

Tukiipata ya kuuzwa, iwe ya Kariakoo au ya kabati la mjomba, kabla ya kutoa hela tuchungulie kama kijidoa cha katikati bado kinaonekana. Tuielekeze kwenye mnara wa simu ulio mbali, pete ikiwa mwisho, picha mbili ziwe moja. Tumulike lenzi kwa tochi kutafuta ukungu. Tufungue chumba cha betri tuone kama kuna kutu ya kijani. Sponji za mlango wa nyuma zitakuwa zimegeuka lami, hilo lisitutishe, linabadilishwa kwa kitambaa cheusi na gundi.

Kikao ni Ijumaa saa kumi. Wengi wakichagua XA nitabeba betri nne za akiba na sitanuna, ila kwa bibi wa karanga aende aliyeipigia kura.