Uzazi si Kaburi la Nia

Yako maneno ambayo watu huyatamka kwa wepesi, nayo hudhuru kuliko matusi. Mojawapo ni hili: "Huyo amekwisha, ana mtoto." Hapana shaka, ewe msomaji, umepata kulisikia. Husemwa juu ya msichana aliyekatiza masomo, juu ya mchezaji aliyesifiwa jana, na juu ya karani aliyetaka kuongeza elimu. Halisemwi kwa hasira. Husemwa kwa sauti ya huruma, na hapo ndipo ulipo ubaya wake; kwa maana tusi hujibiwa, lakini huruma ya namna hiyo humfunga mama kinywa mpaka mwenyewe akaiamini.

Neno hilo ni la uongo, nami nimekusudia kulipinga. Sitalipinga kwa kuusifu utukufu wa mama, kwa sababu sifa hizo tumezizoea, na mara nyingi anayezitoa ndiye yule yule anayeketi kitini akingoja chai iletwe na mama aliyejifungua juzi. Wanaolitumia neno hilo wana hoja tatu. Tuzitazame moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba mwili uliozaa ni kama mtungi uliopasuka, hauwezi kuwa mzima tena. Mgala muue na haki umpe: ni kweli kwamba kuzaa huumiza. Misuli ya tumbo imetanuka kwa miezi mingi, na damu imepotea. Tumbo la uzazi huchukua majuma sita hivi kurudia ukubwa wake, na mama aliyepasuliwa ana jeraha linalohitaji muda zaidi. Lakini jeraha si mauti. Kilicholegea huweza kukazwa, na kilichopungua huweza kuongezwa, mradi mtu apate chakula, usingizi na muda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, huwashauri akina mama waliojifungua, wasio na kizuizi cha kiafya, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 kila juma, wakianza kidogo kidogo. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Matembezi ya haraka yatosha.

Na kama ushahidi wa wataalamu haukutoshi, tazama nchi yako mwenyewe. Catherine Ndereba alimzaa binti yake mwaka 1997. Mwaka 2001, mjini Chicago, alikimbia marathoni kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, na siku hiyo hapakuwa na mwanamke duniani aliyepata kuukimbia mwendo huo upesi kuliko yeye. Vivian Cheruiyot alijifungua mwaka 2013. Mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 mjini Beijing, na mwaka 2016 akapata dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 mjini Rio de Janeiro. Faith Kipyegon alimzaa binti yake mwaka 2018, akiwa tayari amepata kuwa bingwa wa Olimpiki na wa dunia wa mita 1,500. Kwa kipimo cha wasemaji wetu, hadithi yake ilikuwa imefikia tamati. Mwaka 2021 alitwaa tena dhahabu ya Olimpiki mjini Tokyo. Mwaka 2023 akawa mwanamke wa kwanza kuzikimbia mita 1,500 chini ya dakika 3 na sekunde 50. Na mwaka 2024, mjini Paris, akapata dhahabu ya tatu mfululizo katika mbio hizo. Rekodi zake za dunia za mbio za mtu mmoja mmoja aliziweka zote akiwa mama. Je, huo ndio mtungi uliopasuka?

Hoja ya pili ni kwamba wakati wa mama si wake tena, ni wa mtoto. Hapa sina budi kukusimulia habari zangu.

Nilimzaa mwanangu wa kwanza mwaka mmoja baada ya kutoka chuo cha ualimu. Chuoni nilikuwa mchezaji wa kati katika timu ya netiboli, na shuleni nilikopangiwa kazi nilikuwa nikiifundisha timu ya wasichana. Nilikuwa na nia mbili: kurudi uwanjani, na kusomea stashahada wakati wa likizo za shule. Niliporejea kazini, mkuu wangu aliniambia kwa upole kwamba timu amempa mwalimu mwingine asiye na mtoto, ili mimi nipumzike. Hakuniuliza kama nimechoka. Jirani mmoja aliponiona alfajiri nikitembea kwa haraka kando ya mashamba ya chai, aliniuliza mbele ya watu, "Umekwisha zaa, sasa unamkimbilia nani?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikarudi nyumbani, na kwa siku tatu sikutoka.

Siku niliyojaribu kuruka niudake mpira, mwili ulinisaliti kwa namna ambayo akina mama wengi waijua na huona haya kuitaja. Nilimwendea muuguzi wa zahanati nikiwa nimeinamisha kichwa, naye hakushangaa hata kidogo. Alinieleza kwamba misuli inayozuia mkojo hulegea kwa kuzaa, nayo hukazwa kama misuli mingine: kuibana na kuiachia mara kadhaa, kila siku, kwa miezi. Ni jambo dogo, na hapana aliyekuwa amenieleza!

Lakini yote haya yalihitaji saa moja kila siku, na saa hiyo sikuwa nayo. Aliyenipa ni mama mkwe wangu. Mwanamke huyu hakwenda shule, wala netiboli hakuijua. Alfajiri moja alibisha mlango, akamchukua mtoto, akasema, "Nenda, mwanangu. Mimi sikupata wa kunishikia." Mume wangu alipomwona mama yake amembeba mjukuu kabla ya jua kuchomoza, aliona aibu ya kulala, akaanza kuwasha moto na kupika uji. Wenzake walimcheka, naye akawaacha wacheke.

Sitakudanganya kwamba nilirudi kama nilivyokuwa. Ilinichukua mwaka mmoja na nusu, na wepesi wangu wa zamani sikuupata; leo hucheza nikilinda goli. Stashahada niliipata, lakini imechelewa mwaka mmoja. Hata hivyo nilirudi. Sasa angalia jambo hili: saa za siku hazikuongezeka. Zilikuwa 24 kabla na baada. Kilichoongezeka ni mikono. Wahenga walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii twaikariri darasani, twaiandikia insha, kisha twamwachia mama mkono wake mmoja na kustaajabu kwamba umechoka. Mama anayekwisha hakumalizwa na mtoto. Amemalizwa na watu wazima walioketi.

Jamhuri yetu yenyewe imekwisha kukiri kwamba ulezi wahitaji mikono. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba majuma mawili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Tangu mwaka 1994 iko sera ya kumruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Haya ni mema. Lakini sheria haimbebi mtoto alfajiri, wala sera haizuii kicheko cha darasa.

Hoja ya tatu ndiyo inayochoma zaidi: kwamba mama anayefuata nia yake hampendi mwanawe. Nami nauliza: baba anapokwenda kucheza mpira jioni, nani humwuliza anamkimbilia nani? Anaposafiri kwenda kusoma, nani humwambia kwamba amemtupa mtoto? Husifiwa kuwa anaijenga kesho ya jamaa yake. Basi na mama vivyo hivyo. Mama mwenye afya hubeba bila kuugua, na mama mwenye elimu huongoza bila kubahatisha. Tena mtoto hujifunza kwa macho kabla ya masikio. Akimwona mama yake ameizika nia yake, atajifunza kuzika yake.

Baada ya kuwapinga hawa, sharti niwapinge na wengine walio upande wa pili. Hao huwageuza mabingwa kuwa fimbo, wakamchapia mama aliyejifungua juzi: "Faith alirudi, wewe je?" Wamesahau kwamba Faith alikuwa na kocha na kambi, na kwamba hakurudi mashindanoni mpaka mwaka 2019. Aidha huchanganya nguvu na wembamba. Mama anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi, si pungufu. Na mwenye kujinyima ili tumbo litoweke kabla ya arubaini hajengi afya, aibomoa. Yule asemaye "umekwisha" na yule asemaye "harakisha" ni ndugu: wote wawili hawakumbeba mtoto.

Nawe, mwanafunzi, usidhani kwamba maneno haya ni ya watu wazima peke yao. Sikuhimizi uharakie uzazi, la hasha! Kila jambo lina wakati wake, na wakati wako sasa ni wa kitabu. Lakini huenda wiki ijayo mwenzako akarudi darasani baada ya kujifungua, akasimama mlangoni akitazama kama pale alipokuwa akiketi pangali wazi. Kicheko chako kitaweza kumrudisha nyumbani kwa siku tatu, au kwa maisha yake yote. Daftari lako, ukimwazima anakili masomo yaliyompita, laweza kumbakiza.

Na wewe mvulana, ambaye kesho utakuwa baba, jifunze leo kupika uji na kumbembeleza mtoto wa dada yako. Hutapungukiwa na uanaume, utaongezewa utu. Nawe msichana, siku utakapokuwa mama, usiombe radhi kwa kuwa na nia. Itaje kwa sauti, kisha itaje na saa unayoihitaji, na mtu unayemtaka akushikie mtoto.

Basi utakapomwona mama anatembea kwa haraka alfajiri, usimwulize anamkimbilia nani. Uliza mtoto amebaki na nani; na ukiambiwa kwamba hapana mtu, nyosha mikono yako umpokee.