Majilio ni wakati wa kulipa tunachodaiwa

Kuanzia katikati ya Novemba daftari langu la vipimo hujaa haraka. Mimi ni fundi cherehani, Morogoro, na kwetu sisi mafundi hakuna msimu unaoufikia huu: magauni ya watoto, suruali za wavulana, sare za kwaya, vitenge vya kina mama Wakatoliki wa WAWATA, mashati ya wazee wanaotaka kufika kijijini wakiwa nadhifu. Kila mteja anataka nguo yake kabla ya tarehe 24. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo, maana ada ya wanangu ya Januari hutoka humo.

Lakini mimi pia ni Mkristo, na wiki hizo hizo ndizo Kanisa limezitenga kwa Majilio. Kipindi hiki huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, na ndio mwaka mpya wa Kanisa. Padre anavaa zambarau. Utukufu hauimbwi. Hadi tarehe 16 Desemba masomo yanatukumbusha zaidi kwamba Bwana atarudi kuhukumu; kuanzia tarehe 17 ndipo tunageukia Nazareti na Bethlehemu. Maana yake ni kwamba kwa muda mrefu wa Majilio tunaulizwa swali moja zito: anayekuja atakukuta katika hali gani?

Nimepata mafundisho mengi juu ya namna ya kujiandaa. Kusali zaidi, kwenda kitubio, kutokosa jumuiya, kusali novena ya Noeli. Yote ni mema na ninayafuata. Ila kuna jambo ambalo Maandiko ya Majilio yanalitamka waziwazi, nasi tunalipita kila mwaka, nalo ni pesa ya mtu mwingine iliyo mikononi mwetu.

Mtazame Yohane Mbatizaji katika sura ya tatu ya Luka, inayosomwa Jumapili ya tatu ya Majilio katika mwaka C wa mzunguko wa masomo ya Misa. Umati unamuuliza: tufanye nini? Huyu ni nabii wa jangwani, anayekula nzige na asali ya mwituni. Ungetazamia awaagize wafunge, wajifunike majivu. Badala yake anaanza na nguo: mwenye mbili amgawie asiye nayo. Watoza ushuru anawaambia wasidai zaidi ya kiwango walichopangiwa. Askari anawakataza kuwanyang'anya watu, na anawataka watosheke na mishahara yao. Kila kundi linajibiwa kwa kazi yake na kwa pesa inayopita katika vidole vyake. Nikisoma pale najua hata fundi cherehani angejibiwa: mrudishie mteja kitambaa chake kilichobaki, na usimtajie tarehe unayojua hutaiweza.

Katika mwaka A, Jumapili hiyo hiyo ya tatu, somo la pili linatoka Waraka wa Yakobo, sura ya tano kuanzia aya ya saba. Tunaambiwa tuvumilie kama mkulima anavyongoja mvua za kwanza na za mwisho. Sisi tunaolima kwa vuli na masika somo hilo tunalielewa hata kabla ya mahubiri. Lakini ukifungua Biblia nyumbani, panda juu kidogo hadi aya ya nne, ambayo siku hiyo haisomwi. Hapo Yakobo anasema kwamba ujira wa vibarua waliovuna mashamba, ule uliozuiliwa na matajiri, unapiga kelele, na kilio cha wavunaji kimemfikia Bwana. Kwa hiyo wanaoambiwa wavumilie mpaka Bwana aje ni pamoja na hao walionyimwa haki yao. Waliowanyima, yeye anawaambia walie na kupiga yowe.

Sisemi haya kwa nadharia. Mwaka mmoja alikuja kibandani kwangu binti anayefanya kazi za ndani mtaani kwetu. Alichagua kitambaa chenye maua madogo ya njano, akalipa nusu, akataka gauni la mikono mifupi lenye mfuko ubavuni, kwa sababu, alisema, ndani ya basi pesa hukaa salama mfukoni kuliko kwenye pochi. Alikuwa anakwenda kwao Gairo kula Krismasi na mama yake. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi, nikalitundika.

Siku mbili kabla ya sikukuu alikuja mikono mitupu. Bosi wake alikuwa amemwambia mshahara wa Novemba na wa Desemba atapewa Januari, maana akipewa wote ataondoka moja kwa moja. Nikamwambia, "Mwanangu, chukua gauni lako, hayo mengine tutaongea." Akalichukua. Lakini nauli hakuwa nayo, na sikukuu ilimkuta Morogoro, akipika pilau ya wageni wa familia hiyo. Ni familia ya Kikristo, na asubuhi ile ilikuwa kanisani.

Kuzuia mshahara wa dada wa kazi mwisho wa mwaka kumezoeleka mno, hata watu wanashauriana waziwazi kama vile ni busara ya nyumbani. Si busara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe siku waliyokubaliana. Na sisi Wakatoliki tuna maneno makali zaidi ya sheria: Katekisimu yetu, namba 1867, inaiweka dhuluma kwa mfanyakazi wa ujira katika orodha fupi ya dhambi zinazolilia mbinguni, orodha inayoanza na damu ya Habili. Mtu anaweza kusimama kwenye foleni ya kitubio wiki ya mwisho ya Majilio, akaungama hasira na uvivu wa kusali, akarudi nyumbani na mshahara wa mtu kabatini.

Nimefurahi kuona taji la Majilio likienea katika parokia zetu, mishumaa mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Mara nyingi linahusishwa na Mlutheri mmoja wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini. Mwaka 1839 aliweka mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni, mikubwa kwa Jumapili na midogo kwa siku za katikati, watoto wale waweze kuhesabu siku za kungoja Noeli. Waliowashiwa walikuwa watoto waliookotwa kwenye umaskini. Tukiwasha mishumaa yetu kando ya altare huku binti anayelea watoto wetu hana nauli ya kwenda kwao, tumechukua nta tukaacha jambo lenyewe.

Najua jibu litakalokuja. Hali ni ngumu, Januari ina ada, kodi ya nyumba na madaftari. Ni kweli, nami naishi katika ugumu huo huo. Lakini ugumu huo hauzuii soda, mchele na kuku wa sikukuu, wala hauzuii nguo mpya. Ninajua kwa sababu ni mimi ninayezishona. Basi tupange upya nani anatangulia. Aliyekwisha kufanya kazi alipwe kwanza: dada wa kazi, kibarua aliyepalilia shamba, mama ntilie anayekuandika kwenye daftari lake, kijana wa bodaboda anayempeleka mtoto shule kwa mkopo. Kitakachobaki ndicho cha sikukuu. Kama kwa sababu hiyo nitapata magauni machache ya kushona Desemba, na iwe hivyo.

Kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo nina ombi. Katika wiki ya kwanza ya Majilio, mkikutana nyumbani kwa mmoja wenu, someni aya ile ya nne ya Yakobo pamoja na zile zinazosomwa kanisani. Kisha kila familia ikakae kwao, baba na mama, wachukue karatasi na waandike majina ya wote wanaowadai, hata deni dogo la mkaa. Walipe kabla ya Jumapili ya nne. Asiye na uwezo wa kumaliza asijifiche wala asizime simu. Aende kwa mdai wake, aongee naye ana kwa ana, wakubaliane tarehe, na amlipe hicho alicho nacho.

Na wewe uliye na dada wa kazi anayetaka kwenda kwao Krismasi, mpe mshahara wake wote kabla hajapanda basi. Kama unaogopa hatarudi, muulize kwa upole ni kwa nini asingependa kurudi, na umsikilize.